Nyundo Ndogo ya Khabbab

Nyumbani, chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Salaam nyingi, nyingi kuliko uvivu wako wa kuandika. U mzima? Wifi yangu ameshainuka kitandani, au mgongo bado unamsumbua? Na huyo mgeni mdogo, ananyonya vizuri? Sisi tu wazima kwa uwezo wa Mungu, ila goti langu la kushoto siku hizi limekuwa mtabiri wa mvua.

Hongera sana, Baba Khabbab! Niliposikia ujumbe wako nilipiga vigelegele mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akaja mbio kuuliza nani kaolewa. Nikamwambia hakuna aliyeolewa, ni jina limerudi nyumbani.

Karakana tumeipangisha. Yumo mchomelea mageti, kijana mwenye adabu, lakini redio yake haina adabu hata kidogo. Fuawe la Baba, lile lichuma alilofulia majembe maisha yake yote, halikuondoka. Wanaume walijaribu kulisogeza wakaishia kushika viuno. Sasa wanalikalia wakinywa chai.

Uliniuliza, Baba alisema nini aliposikia? Nimezungukazunguka na habari za magoti na redio kwa sababu swali lako linanichoma. Lakini wewe si mtoto, nitakwambia.

Tangu apate kile kiharusi, mambo ya zamani anayo yote, ya leo ndiyo hayamkai. Nilikaa kando ya kitanda chake nikamwambia, "Baba, Kitindamimba kapata mtoto wa kiume, kamwita Khabbab." Uso ulimchanua, wallahi, sijamwona hivyo tangu Mama yu hai. Akaagiza ile nyundo ndogo. Unaikumbuka? Aliifua wakati wifi ana mimba ya kwanza, akachonga jina hilohilo juu yake kwa tindo, kama alivyotufanyia sisi sote kabla hatujazaliwa. Akawa anazipapasa herufi, akinisimulia upya habari za Khabbab bin Al-Arat: mtumwa, mfua panga, aliyechomwa kwa makaa ya moto na asiikane imani yake, na jinsi Umar, hata alipokuwa khalifa, alivyostaajabu kuuona mgongo wake. Nikamsikiliza kana kwamba sijawahi kuisikia.

Chai haijapoa, akaniuliza, "Hivi mdogo wako alikubali lile jina?"

Nikamwambia amekubali. Akafurahi upya. Baada ya muda akauliza tena. Basi ndivyo tunavyoishi hapa, mdogo wangu: asubuhi unakubali, adhuhuri umeshakataa. Furaha haimkai. Kinachomkaa ni ile siku ya simu, uliposema hutaki mwanao wa kwanza abebe jina la mtu wa mateso, ukampa la mcheza mpira. Hata jibu lake bado analo: "Angetaka jina la amiri jeshi tungempa Khalid. Mimi sina jeshi, nina mvukuto na fuawe." Sisi wengine tulicheka siku ile. Yeye hakucheka. Akakata simu, na wewe ukaacha kuja.

Sikulaumu. Nyinyi wawili mmefuliwa chuma kimoja, hakuna anayepinda. Ila nasikitika, nasikitika mno. Laiti jina hili lingekuja kabla ya kiharusi! Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na wetu kaja mzuri kweli, lakini kachelewa njiani.

Nimejaribu kila njia. Nilibandika picha ya mtoto ukutani, usawa wa macho yake. Anaitazama, anatabasamu, anasema, "Katoto kazuri. Ka nani?"

Nakuomba uje. Picha haimwingii, lakini mtoto akilala kifuani pake, huenda akamkaa. Sikuahidi kitu. Wewe bado anakujua, anakutaja kila siku, ila sijui Mungu atatuachia hilo mpaka lini.

Wifi mpe pole na hongera kwa pamoja. Mchezaji wetu mkubwa mwambie shangazi yake ana deni la kumfunga mabao. Shangazi yetu mkubwa anawasalimu, fundi viatu naye kajipenyeza kwenye salamu. Mungu awakuzie watoto, awape masikio ya kusikia kuliko ya baba yao.

Na Baba? Nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza ana neno gani. Aliigeuzageuza nyundo mkononi. Kisha akasema:

"Mwambie nilikosea kumlazimisha. Mtoto ni wake, ampe jina lolote analolipenda. Mimi sina kinyongo. Aje tu nyumbani."

Nimeandika kama alivyosema. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukiniudhi,
Mama Ubishi