Shilingi ya Kila Mgeni

Mishomoroni, Jumapili, Novemba 1993

Mvua inanyesha tangu alfajiri, ile mvua ya hapa isiyo na haraka. Jumapili hakuna mjengo. Mabega bado yananiuma kwa zege ya juma zima kule Shanzu. Nimekaa sakafuni na sufi inaelea chumba kizima, inapanda, inatua juu ya nyusi zangu, nami naitazama tu kama mtu aliyelala macho wazi.

Nashona magodoro. Sikuja Mombasa kwa kazi hii, nilikuja kubeba zege, na zege bado naibeba. Lakini jioni nafumua magodoro ya watu yaliyoshindiliwa yakawa magumu kama ubao, naichambua sufi mpaka ipate pumzi tena, najaza, nashona.

Mke wangu Mwende yuko Mwingi. Mwezi uliopita aliniletea neno kwa dereva wa basi: Krismasi hii nimlete huku yeye na mtoto tukae pamoja, la sivyo anarudi kwao. Dereva alisema hakulitamka kwa hasira.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Pesa zangu nazifunga kwenye leso: fundo la kodi, fundo la nyumbani, fundo la nauli. Nauli ilikuwa haijatosha. Nikawaza, mikono ninayo, ninachokosa ni kujulikana. Nikalifungua fundo lile lile la nauli, nikaenda kwa Bakari, muuza kahawa anayezunguka Kisauni yote na dele lake. Tukapatana kwamba kila baraza anaponywesha watu atanitaja, na kila mtu atakayefika kwangu kwa kutajiwa naye, namlipa Bakari shilingi moja.

Nikaanza kuota mchana. Nakoroga zege huku naona watu wanapanda njia ya kwangu na magodoro vichwani, kama siafu waliobeba mayai, na Mwende yuko mlangoni anawakaribisha.

Na watu walikuja. Kweli walikuja.

Alikuja mzee wa kanzu, akaniuliza hali, hali ya kwetu, mvua ya kwetu. Akalibonyeza godoro kwa kiganja, akasema mashallah, akaaga. Wakaja wenzake wawili wa baraza hilo hilo. Mwingine alijinyoosha juu ya godoro la mteja, akasinzia mpaka adhana ya alasiri ikamwamsha, akanishukuru, akaenda zake. Wote walitaja jina la Bakari. Siku baada ya siku wakaja wengine namna hiyo hiyo, na wote niliwalipia.

Nimekaa pwani miaka na bado sikuelewa. Hapa ukiambiwa pale pana fulani, mgeni, mtu mwema, ni adabu upite umwamkie. Kwetu mtu akisimama mlangoni mwako ana haja. Mimi kila salamu niliihesabu kazi.

Fundo la nauli likalegea.

Nilimfuata Bakari nikiwa na uchungu, nikamuuliza mbona watu wake hawana kazi ya kunipa. Hakukasirika. Alinimiminia kikombe na hela yake hakuitaka.

"Fundi Mutua, tulipatana nikuletee watu, nami nimekuletea. Mifuko yao sikukuahidi."

Baraza zima likacheka. "Na usingizi wa pale ni mtamu, wallahi," akasema mmoja, ndiye yule aliyesinzia. "Mimi ni shahidi."

Nami nikacheka. Ningefanyaje? Alikuwa amesema kweli.

Nikarudi nikiwawaza wale walionipa kazi hasa, maana walikuwepo, wachache. Nikapita kwao kuwauliza nani aliwaelekeza kwangu. Wote jibu moja: Bi Rukia, mwenye duka la vile vitambaa vya mistari vya magodoro. Walikwenda kununua kitambaa, wakamuuliza nani wa kuwashonea, naye akanitaja, kwa wema tu. Sikuwa nikimlipa hata senti.

Mtu anayekunywa kahawa hatafuti godoro. Aliyekwisha kukunjiwa kitambaa anatafuta, tena anataka leo.

Jumatano jioni nikaenda dukani kwake. Shikamoo, marahaba. Nikamwomba kila anayeuliza fundi anitaje mimi kwanza. Akanipa bei yake: shilingi tatu kwa kila mtu. Nilisimama pale nikishikashika kitambaa, nikipiga hesabu kichwani, polepole, maana shule niliiacha darasa la sita. Mara tatu ya Bakari! Halafu nikakumbuka kwamba wa Bakari walikuwa rahisi, na ndio walionimaliza.

Nikakubali kwa sharti moja. Nilimwekea mkononi pesa ya watu wa juma moja, nikamwambia ikiisha asinitaje tena mpaka nirudi. Siwezi kumlipia mtu ambaye mikono yangu haitamfikia.

"Kusema wanilipa, kunyamaza bure?" akasema Bi Rukia. "Mwanangu, kwangu mimi kazi ngumu ni hiyo ya kunyamaza."

Tangu siku hiyo wamekuja wawili tu kutoka kwake. Wa kwanza alisema atarudi. Wa pili ni mama wa bi harusi, anataka godoro la kitanda kikubwa na mito yake. Alitoa malipo ya awali papo hapo, kitambaa kikiwa bado kwapani.

Jana, kwa malipo hayo na kilichobaki fundoni, nimempa dereva nauli yao. Ya kuja. Ya kurudi sikuiweka.

Leo naichambua sufi ya bi harusi na mawazo yananichukua. Namwona Mwende anashuka na mtoto mgongoni, anainama kuingia hapa, anampangusa mtoto sufi puani. Kisha anaketi, anatazama. Bati linavuja pale pembeni. Mumewe ananuka saruji, na kwa miaka hii yote amekuwa ni salamu tu za kupitia kwa dereva.

Kumlipia mtu afike, hilo nimelijua sasa. Mwende nimemlipia afike. Lakini akishafika, atataka kukaa? Hakuna muuza kahawa wala mwenye duka nitakayemlipa anisemee kwa mke wangu. Itabidi niseme mwenyewe, na Kikamba changu kimeota kutu.

Nitaanza na neno gani?