Picha za Otis Kwa Cloud

Jumatatu, 3 Machi
Website imekataa tena. Kwa laptop inaenda poa, nikiipeleka kwa cloud inalia kuna kitu cha Python, ile lugha ya code, haipati. Nimesoma logs, ripoti za makosa, hadi uji ukaganda kwa kikombe. Kumbe ni library moja ya code nilisahau kuandika kwa orodha. Upuzi mtupu. Sasa website ya matanga ya Otis iko hewani, watu wa mbali wamwone kabla ya mazishi. Tumelelewa ploti moja hapa Kisumu Ndogo. Alianguka mjengoni wiki jana. Bado nasema "Otis ako".

Jumanne, 4 Machi
Mamake amekuja na simu. Tumeweka picha zote kwa website moja kwa moja kutoka kwa simu, na ile video akiimba kanisani. Simu imejaa, hata meseji za pole haziingii. Nikamwambia afute, huku ziko salama. Akauliza huku ni wapi. Kwa cloud, Mama, mawinguni. Akacheka, mara ya kwanza tangu kifo.

"Basi ziko karibu na yeye."

Nilimfutia mimi mwenyewe. Hadi kwa trash. Nilijiona mtu wa maana sana.

Jumatano, 5 Machi
Mjomba wa Otis amepiga simu kutoka shags, kijijini kwao, mkali. Jina lao, Ochieng, nimeandika Ocheing. Aibu gani hii. Nikarekebisha, nikapush code upya kwa cloud.

Picha hazipo. Fremu tupu, zote. Nimerefresh kama mwendawazimu.

Alhamisi, 6 Machi
Kawangware, kwa Wafula aliyenifunza code. Ameangalia kidogo tu. Mashine ya bure ya cloud hujengwa upya kila ukipush, na kilichohifadhiwa ndani kinaenda na ile ya zamani. Picha huwekwa storage yake, kando. Akauliza kama mamake Otis hana kopi kwa simu. Nikaenda choo nikalia.

Majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejaribu app ya kurudisha vilivyofutwa kwa simu ya mamake Otis. Imeleta screenshot za tokeni za stima.

Ikabidi nimwambie. Alikuwa anachambua omena. Nilipanga kusema ni server, mdomo ukakataa.

"Ni mimi nimezipoteza, Mama."

"Hata ile anaimba?"

"Hata hiyo."

Akaendelea kuchambua. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Machi
Nimeomba picha kila mahali. Kanisani hakuna aliyerekodi ile siku. Beshte ya Otis anayeishi Satellite ametuma mbili, moja Otis ni nusu uso. Nimeziweka storage, laptop, na flash. Sasa ndio najua. Nimemtumia mamake link. Ameifungua, akaifunga. Najichukia.

Alhamisi, 13 Machi
Wameondoka na mwili kwenda shags leo asubuhi. Website inafanya kazi vizuri, pole zinaingia kutoka mbali.

Nilimbebea mamake mizigo hadi kwa basi. Akasema asante. Akisafiri, ufunguo wa nyumba huniachia mimi, tangu niko class four. Leo ameachia mama wa makaa.