Nafasi ya Nne

Shoga yangu Zuwena,

Ubao wako nnao mie. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliniuliza mwanzo, kabla ya kuniuliza hali yangu wala ya mtoto. Nimeuegemeza nyuma ya kabati, ile kona yake iliyokatika nimeielekeza ukutani ili Nasra asijichome. Chaki zako zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga. Zimebaki tatu na kipande.

Nasra amelala. Siku hizi anasimama kwa kushika kiti, na akishasimama hajui kukaa, basi analia mpaka nije nimkalishe. Namkalisha, anasimama tena. Siku yangu nzima inakwenda hivyo. Nguo zimo kwenye beseni tangu asubuhi, lakini leo nshasema zitasubiri.

Mama yako mzima. Hitma ya arubaini ilisomwa, watu walikaa mpaka njiani, na yeye hakulia mbele zao. Nguo zako amezigawa, isipokuwa fulana yako namba nane. Hiyo anaivaa ndani, juu anajifunga kanga, akiwa jikoni. Nimemuona mara mbili na nimejifanya sijaona.

Timu ya kikapu ya chuo chetu cha ualimu imepata kocha mwengine, mtu mpole, anawaambia wasichana "tafadhali" hata anapowakimbiza. Raya sasa ndiye nahodha, pahala pako. Yule mrefu wetu aliyekuwa anadaka mipira chini ya kikapu ameolewa Paje na kucheza ameacha. Aliyewekwa pahala pake anaruka vizuri, ila anaruka mpira ukishapita.

Nakupa habari hizi mapema ili uelewe nilichokifanya.

Idi imepita, na wiki inayofuata Idi unaijua. Walikuja wote barazani kwenu Mkunazini, baada ya alasiri, kama kila mwaka: wasichana wa vyuo sita na sisi tuliokwishamaliza, kubishana nani atakuwa wa ngapi katika ligi ambayo hata mpira wa kwanza haujarushwa. Mume wangu mpaka leo anacheka. Aliniambia, "Mnapanga matokeo ya mchezo usiochezwa." Nikamwambia nyie mnapigishana kelele kwa timu za Ulaya ambazo hazijui kama mmezaliwa. Akamchukua mtoto.

Sheria hazijabadilika. Ulizitia wewe mwaka ule ubishi ulipofika kuvutana mitandio, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Mtu hakisemei chuo chake, awe anasoma au ameshamaliza. Anayetaka kuipandisha timu atoe sababu ya mpira, na ataje anamshusha nani. Mshika chaki haamui kitu, kazi yake kuuliza na kuandika. Na ligi ikisha, waliokosea wanapika urojo wa watu wote.

Mshika chaki ulikuwa wewe. Mwaka huu mama yako alinipa mie.

Lakini kabla hajanipa aliniita jikoni. Alikuwa anakata kashata. Hakunitazama. Akasema, "Mwanakhamis, mwanangu, mwaka huu waweke wa kwanza. Mara moja tu. Nataka nikitoka mlangoni nione jina la chuo chake liko juu."

Nikamjibu, "Inshaallah, mama."

Na wewe inshaallah yangu unaijua. Nilikuwa nakujibu hiyo hiyo ukiniambia nije mazoezini alfajiri. Lilikuwa kosa. Ningelimwambia pale pale kwamba haiwezekani. Sikuweza, Zuwena. Alikuwa amevaa fulana.

Nikatoka nikakaa, ubao juu ya magoti, Nasra kwa mume wangu nyumbani. Nikauliza kama ulivyokuwa ukiuliza: "Haya, nani wa kwanza?"

Nahodha wa chuo cha uuguzi akasimama, akasema wao walishakubaliana tangu juzi. Ualimu wa kwanza.

Utalii wakasema wa kwanza. Kilimo wakasema wa kwanza, mmoja wao analia. Kompyuta, wa kwanza. Na Biashara, ambao tangu nizaliwe sijawaona wakikubaliana na mtu, hata wao kwa wao, wakasema wa kwanza.

Baraza ikawa kimya. Lini baraza ile ilikuwa kimya? Raya alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa sheria hakuwa na neno, chuo ni chake. Na mie pia sikuwa na neno, chuo ni changu. Hapo ndipo nikaelewa kwamba wametuletea rambirambi. Wengine walileta mchele na sukari, hawa wameleta nafasi ya kwanza.

Kilichobaki ni mie kuandika. Neno moja tu, Ualimu, juu kabisa. Mama yako yuko nyuma ya mlango, nasikia kifuniko cha dele la kahawa kinagonga. Mkono wangu ulikuwa tayari.

Nikakumbuka siku ile niliporudi uwanjani baada ya kuzaa. Nasra ana miezi minne, sijalala, na nataka nicheze mechi ya waliomaliza dhidi ya wanaosoma. Wote walinipigia makofi. "Mashaallah Mwanakhamis, kama hukuzaa!" Nilikimbia mara mbili kwenda na kurudi. Wewe, nahodha wa wanaosoma, ukaja ukanishika bega, ukasema, "Pumzi yako fupi. Kaa benchi. Njoo tena baada ya miezi miwili." Mbele ya watu. Nilinuna wiki mbili, sikuwa napokea simu yako. Kisha ukaja nyumbani bila ya kubisha hodi, ukamtia Nasra mgongoni kwa kanga yangu, ukaniambia, "Haya, nenda ukakimbie. Mie ntakaa naye." Ukaja hivyo kila siku ya pili, mpaka pumzi ikarudi. Katika wote walionipigia makofi siku ile, hakuna aliyekuja kunishikia mtoto.

Basi nikaweka chaki chini.

Nikasema, "Sababu ya mpira?"

Wakatazamana. Yule wa uuguzi akasema, "Mwanakhamis, si unajua sababu. Sababu ni Zuwena."

Nikasema, "Zuwena hachezi mwaka huu."

Nilisema hivyo, shoga. Sikukusudia ubaya, lilitoka lilivyotoka. Kifuniko cha dele kikaacha kugonga. Mmoja wa Biashara akasema, "Lo! Una roho ngumu wewe. Kaburi la mwenzio halijakauka." Niliona nikifungua mdomo kitatoka kitu chengine. Nikarudia tu, kama kasuku: sababu ya mpira, na nani anashuka. Hakuna aliyekuwa nayo. Nikawaza kwamba sasa nimekosa kote, wageni nimewaudhi, mama wa watu nimemvunja moyo, na ubao wenyewe mtupu.

Aliyesimama ni Raya.

Unamjua Raya, sauti yake ndogo utadhani anaomba chumvi kwa jirani. Akasema, "Da Mwanakhamis, chuo changu siwezi kukisema. Vyengine naweza?"

Nikamwambia vyengine unaweza.

"Uuguzi wa kwanza. Watano wao walioanza mwaka jana wapo wote, hakuna aliyemaliza. Utalii wa pili, wanarudi nyuma kulinda haraka kuliko watu wote. Kompyuta wa tatu, yule wao mwenye miwani anapiga kutoka mbali na hakosi." Nikawa naandika. Akapumua. "Ya nne iruke. Biashara wa tano, wanaanza vizuri, halafu wanagombana wenyewe. Kilimo wa sita. Mnisamehe, lakini mnakimbia kama mnaogopa kukanyaga miche."

Akakaa. "Chuo changu sijakisema," akasema.

Hakukisema kweli. Kilikuwa kimebaki chuo kimoja na pahala pamoja, na mstari wa nne ubaoni ni mweupe, watu wote wanautazama.

Kisha Kilimo wakalipuka. Miche gani! Nani anakimbia hivyo! Yule aliyekuwa analia akasimama juu ya baraza akataka kukimbia pale pale tumuone. Wa Biashara akapiga kelele, "Sisi tunagombana? Lini tumegombana?" Mwenzake akamvuta buibui, "Kaa chini, unamthibitishia." Akamgeukia, "Usinivute!" Watu wakacheka mpaka muuza juisi wa njiani akasimama kutazama kuna nini. Wakabishana, Zuwena. Walibishana Utalii na Kompyuta nani wa pili mpaka sauti zikawakauka, na kila aliyesema alisema sababu ya mpira. Mara mbili nilifuta, mara mbili nikaandika upya. Mstari wa nne hakuna aliyeugusa. Nikauandika mie, Ualimu, kwa herufi kubwa sawa na wengine.

Hapo mama yako akatoka na sinia la vikombe.

Akaweka sinia. Akautazama ubao kutoka juu mpaka chini, kisha akarudi katikati.

"Wa nne?"

"Wa nne, mama."

Sikumuomba radhi. Nilitaka, lakini nikaona nikiomba radhi itakuwa kama nakiri kwamba ni uongo. Kahawa ikawa inapoa.

Kisha akasema, "Hawa Kompyuta wana nini cha kuwashinda watoto wangu?"

Nikamwambia wana yule mwenye miwani.

"Na Raya hawezi kumkaba?"

"Anaweza, mama, akiacha kufuata mpira akamfuata mtu."

Akakaa kitako barazani, akajitengeneza kanga, na ule ukosi wa fulana ukaonekana, namba haionekani. Akasema, "Mie sina chuo. Sikusoma chuo hata kimoja. Kwa hiyo nnaruhusiwa kusema, au siruhusiwi?"

Hakuna aliyewahi kufikiria hilo. Wewe ulifikiria? Nikamwambia anaruhusiwa, atoe sababu ya mpira.

"Wapandishe wa tatu, mshushe Kompyuta. Sababu, Raya ana pumzi. Siku ya msiba alikimbia kutoka Kiembe Samaki mpaka hapa, na alipofika alikuwa anasema maneno yakaeleweka."

Nikasema hiyo si sababu ya mpira, mama.

"Pumzi si sababu ya mpira? Mwanangu alikuwa akisema nini humu ndani miaka yote kama si pumzi, pumzi, pumzi?"

Kompyuta ndio waliojibu, kwa kelele, kwamba pumzi bila ya shabaha haiandikwi kwenye matokeo. Akawajibu. Wakamjibu. Wakapiga kura, akashindwa vibaya. Ikabaki nne. Akasema haya, tutaonana. Wakimaliza wa nne, urojo atapika yeye, kwa bajia na kachori na kila kitu. Wakimaliza wa tatu au juu yake, tutapika sisi, na yeye atakaa hapo hapo kutuambia kama ndimu imezidi.

Alikunywa kahawa yake imeshakuwa baridi. Wakati naondoka alinishika mkono mlangoni. Akauliza, "Yeye angeliwaweka wa ngapi?"

Nikamwambia, "Wa tano, mama. Mwanao unamjua."

Akacheka, kidogo, kwa pua. Kisha akalia, akiwa amenishika mkono vile vile, na mie nikasimama naye mpaka akamaliza.

Mechi ya kwanza wameshacheza, na Biashara. Wameshinda, kwa tabu, na robo ya mwisho Biashara waligombana kama walivyoandikiwa. Mama yako alikuja, akakaa safu ya mbele na Nasra mapajani. Raya alipofuata mpira badala ya mtu, mama yako alisimama akampigia kelele hata refa akageuka. Yule kocha mpole ameanza kumuogopa. Nafikiri ni vizuri.

Mie sijambo. Nimechoka, lakini si uchovu wa kuniangusha. Kila siku ya pili nakwenda kukimbia, na sasa mama yako ndiye anayenishikia mtoto. Hakuniambia kwa nini, alikuja tu, bila ya kubisha hodi.

Nasikia kitanda kinalia, ameshaamka, ameshasimama. Nikunje barua hii niitie nyuma ya ubao, pale kwenye mbao iliyobanduka, pahala ulipokuwa ukificha zile karatasi za majina ya wachezaji. Nafasi yako huko uliko anaipanga Mwenyewe, na hilo barazani hatulibishanii. Tunakuombea iwe ya juu.

Ahadi yangu ni hii. Chaki nitaishika. Chuo chetu sitakipendelea, na wewe sitakutumia kumpandisha mtu. Na siku Nasra akija kucheza, kama atacheza, sitamsemea. Nitauliza sababu ya mpira na kuandika nitakachoambiwa. Kisha, akiwa amewekwa wa mwisho, nitamshikia mtoto wake aende akakimbie.

Buriani, shoga yangu. Ngoja nikamkalishe huyu.

Wako,
Mwanakhamis