Mbwa Wako Kaburu na Nyama Yake ya Pakiti

Kimaiyo, rika yangu,

Nimekukasirikia. Najua watu wakiandikia marehemu huanza na machozi, lakini yangu niliyamaliza siku ya mazishi, na wewe ulikuwa hapo, umelala tu kama kawaida yako. Leo nina hasira. Uliniachia mbwa bila maelezo. Hata mtu akinunua stovu mjini, anaambiwa utambi unawashwa vipi. Wewe ulinishika mkono pale kitandani, ukasema, "Kaburu asife njaa," halafu ukaenda. Asife njaa! Si ungesema basi anakula nini?

Unakumbuka tulivyocheka ukimpa hilo jina? Ujana wetu wote tulikuwa kwa shamba la kaburu, yeye ndiye wa kusema keti, simama, toka. Ukaokota kibwa, ukasema sasa ni zamu yako, "Kaburu, keti!" Ulifurahi kama umepewa shamba. Haya, njoo uone. Siku hizi Kaburu ameketi na mimi ndiye niko magotini nikimbembeleza ale. Mambo yamerudi palepale.

Nilimtoa kwako Chepsaita mpaka hapa kwangu Sisibo, akinifuata nyuma kama mtu anayepelekwa kwa chifu. Siku ya kwanza nikampa ugali na mapafu ya ng'ombe ya kwa Hassan, yule wa bucha. Hassan bado ni yule yule, hataki mbwa akaribie mlango wake: "Mzee, wewe karibu, rafiki yako abaki ng'ambo ya barabara." Mapafu ananirushia kama mpira. Basi nikapika, nikapakua. Kaburu alinusa, akaniangalia kama karani aliyeona fomu imejazwa vibaya, akageuka. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa akalamba kidogo, nadhani kwa huruma.

Mbavu zikaanza kuhesabika. Nikaogopa, rika. Mtu akikufia na neno lake la mwisho likufie tena mkononi, utamwambia nini mkikutana?

Nikamwita Chebet, binti yako. Alikuja kutoka Elgon View na gari ya bwana yake, na sanduku. Mzungu jirani yao alikuwa amerudi kwao, akawaachia chakula cha mbwa wake, pakiti za karatasi ya kung'aa, juu kuna picha ya mbwa mnene kuliko diwani. "Mzee," akaniambia, "hii ni nyama mbichi. Imegandishwa na barafu kwanza, halafu ikakaushwa bila moto. Iko na kila kitu." Alikuwa anakimbilia kazi, unajua manesi wa hospitali ya Plateau, hawana dakika. Akasema niloweshe, akaondoka.

Nikakaa na pakiti. Ndani kulikuwa na vidonge vyepesi kama gunzi la mahindi, unashika husikii uzito. Nikaonja kimoja, usicheke. Kilikuwa kama kula karatasi iliyowahi kuwa ng'ombe. Nyuma ya pakiti kuna Kiingereza kidogo kidogo kama chawa, na namba, na ile alama ya sifuri mbili zilizotenganishwa na fimbo. Mimi na darasa langu la tatu nilisoma mpaka kichwa kikauma, nikaelewa neno "beef".

Lakini neno moja la Chebet lilikuwa limenikwama: mbichi. Rika, tangu lini mtu wa huku akampa mbwa nyama mbichi? Mbwa akijua ladha ya damu, kesho utamkuta kwa kondoo ya jirani. Na tena ilinuka kama dispensari. Kwa hivyo nikafanya vile mama zetu hufanya na mboga chungu ya managu: nikachemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikatia mengine, nikachemsha tena, nikamwaga. Nikajisifu. Nikasema, dawa ya mzungu imetoka, sasa kimebaki chakula.

Karibu mwezi mzima nilifanya hivyo. Kaburu alikula, tena bila kukataa, na akazidi kukonda! Nikamtukana. Nikakutukana na wewe. Nikasema hii ni roho mbaya ya Kimaiyo, ananikondesha mbwa kutoka huko.

Chebet aliporudi hakumwangalia mbwa kwanza. Alisimama kwa uwanja akaangalia kuku. Wamejaa, manyoya yanang'aa, jogoo anatembea kama mwenyekiti wa chama. Akauliza, "Mzee, mbona kuku wako wamenona na mbwa wa baba amebaki mifupa? Unawapa nini?"

Nikamwambia siwapi kitu, wanakunywa tu maji ninayomwaga hapo nyuma ya jikoni.

Msichana wako alishika kiuno. Kimaiyo, nilimwona mama yake! "Ulimwaga supu? Mzee, ulimwaga nguvu yote ya chakula, ukampa mbwa nyuzi!"

Tukaketi kwa benchi, akanisomea pakiti neno kwa neno, na mimi nikasikiliza kama mtoto wa shule anayengoja maziwa yake. Kumbe ile orodha imepangwa: kinachotajwa mbele ndicho kingi. Nyama ya ng'ombe, moyo, maini, mfupa uliosagwa, malenge, mafuta ya samaki, halafu vitamini zenye majina marefu kama ya watu wa kukagua hesabu. Nikashangaa. Kumbe ni vitu vya kwa Hassan na vya shamba! Namba za protini nazo zilikuwa kubwa, nikasema basi hii inashinda nyama ya bucha mara tatu. Chebet akakataa. Akasema maji yametolewa, ndiyo maana namba imepanda. Ukitaka kulinganisha, itoe maji na ile ya bucha kwanza. Hassan alikuwa ameniambia hivyo hivyo nilipomwonyesha kidonge. Alikiangalia akiwa mbali akasema, "Nyirinyiri ya mbwa! Kwetu mkebe mmoja wa nyama kavu kama hii ni kondoo mzima amejificha." Nilidhani ananichezea. Mimi nikisikia Hassan anacheka, sisikii tena anachosema.

Chebet akatafuta pia kama imeandikwa ni chakula kamili ama ni cha kuongezea tu. Ilikuwa kamili. Akasema kukausha na baridi hakuui vijidudu, kwa hivyo ninawe mikono, nisionje tena.

Halafu akafungua sanduku. Zimebaki pakiti mbili, na mbwa mkubwa kama huyu hafiki nazo mbali. Hapo ndipo aliuliza lile swali nililokuwa nakimbia: "Baba alikuwa anampa nini?"

Nilijua, rika. Nimejua miaka mingi. Chebet alikuwa anakuletea ile hotipoti kila wiki, nyama iliyoiva ikalainika, na maini, na malenge pembeni. Na wewe unachovya ugali kwa mchuzi, nyama yote unashusha chini ya meza. Nilikuona. Ulisema, "Meno yananiuma." Meno gani? Ulikuwa unatafuna mahindi ya kuchoma nami jioni hiyo hiyo! Uliona mbwa anazeeka ukamwonea huruma kuliko mwili wako. Ukakonda, watu wakasema ni uzee, na mimi nikakusaidia kudanganya kwa sababu ilinichekesha. Sasa hainichekeshi. Hiyo ndiyo hasira yangu hasa, nimeizungukia barua nzima.

Nilimwambia. Nikangoja Chebet atukane. Akasema, "Kwa hivyo miaka yote hiyo nilikuwa nampikia mbwa." Akacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, nikampa leso yangu ambayo si safi.

Basi tumepanga hivi. Zile pakiti mbili naloweka kwa maji ya uvuguvugu, sichemshi, simwagi hata tone. Siku nyingine namchemshia moyo na maini kidogo ya Hassan, kwa sababu Chebet amesema vya bucha vikiliwa vibichi vinaleta minyoo, pamoja na malenge, dagaa wa omena ngumi moja, na ganda la yai lililosagwa badala ya mfupa. Mfupa uliopikwa amekataza kabisa, unavunjika ukachoma tumbo. Supu inabaki ndani. Kuku wananiangalia kama nimewafuta kazi.

Jana alimaliza sahani. Leo ameacha nusu. Bado mgongo wake unaweza kukwangua sufuria, na hatoki mbio akisikia jina lake. Chebet anasema tungoje. Mimi nangoja vibaya, wewe unanijua. Nalaani sahani, nalaani mbwa, kisha naketi chini kando yake mpaka ale kijiko kingine. Mambo ni hivyo huku: chama nchini ni kimoja, mbwa ni mmoja, na wote lazima washibe kabla yangu. Barua hii haipiti posta, hakuna wa kuifungua, acha niseme.

Lala sasa, mwongo wangu. Usisimame kwa mlango ukinitafuta, maana siji karibuni. Nilikuwa nimechoka, nakuambia ukweli, nilikuwa nimeanza kuona kukufuata si vibaya. Lakini nimekataa. Kaburu ndiye atatangulia, akiwa ameshiba, nimzike kwa mikono hii, halafu ndio nije tugombane vizuri. Nakuahidi hivyo. Na siku hiyo usiniambie habari ya meno.

Ni mimi, rika yako,
Barng'etuny