Mashine Zimeoshwa

Jumatatu, 2 Juni
Samahani, daftari langu, kwa kuchelewa hivi. Tangu Pasaka sijaandika neno. Nikirudi kutoka kwenye ujenzi wa barabara mkono umekufa ganzi kwa kushika bendera, nalala na viatu. Leo tena hivyo hivyo. Nyekundu, simama. Kijani, pita. Malori ya mpakani foleni mpaka kilimani. Madereva Wazambia wananiita "bamayo", mama, kwa heshima, halafu wananitukana nikiwasimamisha. Baridi. Vumbi mpaka kwenye meno.
Faraja bado yuko kwa mama yangu, Igamba. Ana miaka miwili. Nina hamu na mwanangu mno.

Jumatano, 4 Juni
Wameosha mashine! Greda, vijiko vya kuchimbia, rola, zote, kwa sabuni na maji ya boza. Tangu mradi uanze hazijawahi kuogeshwa. Mama Kelvin, anayetupikia getini, akapiga kigelegele.
"Mgeni mkubwa anakuja kufungua kipande cha pili cha barabara! Jamani, zinang'aa kuliko waume zetu."
Tulicheka mpaka fomeni akatufukuza. Kipande cha pili ni kazi nyingine ndefu. Nimeamua. Jumamosi namfuata mwanangu.

Jumapili, 8 Juni
Nimemleta. Mama hakutaka nimchukue. Kahawa imeanza kuiva, mjukuu anamchelewesha shambani, lakini hakutaka. Eti kazi ya barabara haina mizizi. Nilimjibu vibaya. Jirani atamtunza mchana. Jana Faraja alinikimbia kama mgeni. Leo amelala, mkono shingoni mwangu. Sitamrudisha tena.

Jumatano, 11 Juni
Trela ndefu za kubebea mitambo zimeingia kambini. Zimepakia greda na vijiko, zikaelekea mpakani. Kumbe mashine huoshwa zikihamishwa. Huko zinakokwenda hawapokei chuma chenye udongo. Hakuna mgeni. Hakuna kipande cha pili. Fomeni alijua. Nikamuuliza mbona alinyamaza.
"Dada, ningesema, nani angebaki kushika bendera?"
Mshenzi.

Jumatatu, 16 Juni
Redioni wanasema ujenzi unakua, ajira zinaongezeka. Labda kwingine. Mimi natazama getini. Zamani asubuhi tulikuwa tunasukumana, leo tumeitwa wachache, wengine wamenyang'anywa kofia. Mama Kelvin amepika sufuria ndogo na ubwabwa bado umebaki. Mtaani kila mlango una karatasi, chumba kinapangishwa. Muuza mitumba amelala juu ya mzigo wake mchana kweupe. Mji unaumwa, redio haijasikia. Na mimi macho ninayo. Niliona sabuni nikaita sherehe.

Ijumaa, 20 Juni
Magari yanapita pande zote mbili. Bendera hazihitajiki. Nimekabidhi kofia, kizibao, buti. Pale sikulia. Nyumbani nimelia, Faraja akanifuta kwa kiganja chenye uji.

Jumanne, 24 Juni
Nimeuliza kwenye machimbo ya kokoto. Kwenye maghala ya mahindi. Kwa mafundi wa nyumba. Wote wanapunguza watu. Baba yake Faraja alivuka kwenda migodini Zambia, kimya tangu mvua za kwanza. Kahawa ya mama ni miche michache, haitutoshi watatu. Kazi iliyobaki ni kuvuna mpunga bondeni Kamsamba. Joto, mbu, kulala kibandani. Mtoto hawezi.

Alhamisi, 26 Juni
Nimemrudisha Igamba. Mama hakunikumbusha maneno yangu ya siku ile. Afadhali angenikumbusha. Faraja alishika sketi yangu, nikamfungua vidole kimoja kimoja. Nikamwambia, "Baki na bibi. Usilie." Alilia. Sikugeuka. Ningegeuka nisingeondoka.

Jumapili, 29 Juni. Kamsamba
Hatuvuni leo. Wenzangu wameenda kusali, kibanda kitupu. Mikono imechanika na majani ya mpunga, lakini sijali. Jua kali, hata ng'ombe wamejilaza. Nimepiga simu Igamba, mtandao ukakatika mama akisema haloo.
Nikimpata tena nimwambie atume kwa mtu yeyote anayeteremka huku:
Chandarua, hata kile kilichotoboka.
Kanga mbili za zamani.
Ndala zangu.
Mundu. Huu wa kuazima hauna makali.
Mafuta ya mgando.
Na uzi wenye urefu wa mguu wa Faraja, nimnunulie viatu. Ampime akiwa amesimama.