Kiingereza cha Kumeza Maneno

Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko mbali, na goti linaendeleaje? Usinidanganye kwamba limepona, binamu ameshanimwagia umbea wote. Sisi wazima, mama anakohoa kidogo tu.

Shangazi, wewe ndiye uliyenifinya masikio nikiwa mdogo ili kila neno la Kiingereza lisimame lenyewe. Basi pole, kazi yako imekwenda na maji. Hotelini kwetu, sisi wa kupokea simu tumeletewa mwalimu. Tumembatiza Bwana Pua, maana puani ndiko anakozungumzia. Eti wenye lugha hawatamki maneno moja moja, wanayagandanisha. "Did you" inakuwa "dija", "want to" inakuwa "wona", na "t" ya katikati inamezwa kama kidonge. Watu wazima sita tumekaa tunaimba "dija, dija", na meneja anatabasamu mlangoni, yeye ambaye hata salamu ya Kiingereza huikwepa. Nyoo.

Ningecheka yakaisha, lakini kulikuwa na mtihani. Atakayeshindwa anaondolewa kwenye simu, anapelekwa kufua mashuka.

Niliyemhofia ni Mama Mapacha, aliyenifundisha kazi hii tangu sijui hata kushika simu. Anatamka kama wewe, taratibu, kila herufi mahali pake. Bwana Pua alimwambia anaongea kama tangazo la kituo cha treni, na wenzangu, wanafiki wale, wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, Shangazi.

Nimefaulu. Nilimeza maneno mpaka Bwana Pua akapiga makofi. Niliwadharau wote mle ndani, na bado makofi yale yaliniingia vizuri. Mama Mapacha yuko chini kwenye mashuka. Kiti chake cha dirishani nimepewa mimi, na nimekikalia.

Jana alinipigia simu ya ndani kutoka huko, akanipongeza kwa Kiingereza chake kile kile, neno moja moja. Nilimwelewa yote. Nikasema laini ina kelele, nikakata.

Nisalimie babu, na binamu kitindamimba, yule mvivu wa kuandika. Mungu akupe usingizi mwema na majirani wapole.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukuogopa bado,
Binti wa kaka yako