Mpwa Hadaiwi Gemu

Kaloleni, Kisumu
3 Novemba 1997

Joram amepata duka, Absalom! Duka la ukweli, lenye mlango wa chuma na kufuli mbili, si kibanda, si meza ya kuazima kwenye baraza la mtu. Jina lake limeandikwa juu kwa rangi nyekundu, na nilisimama pale chini ya ngazi nikimsomea mchoraji herufi moja moja asije akamharibia mwanangu. Watu wakipita wananiuliza, Mama, hili duka ni la nani? Nami nawaambia wasome.

Sasa wacha nikusalimu, ndugu yangu, maana ningepasuka. Hujambo? Lornah hajambo, na watoto? Ile miguu yako inayovimba wakati wa mvua inaendeleaje? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Baba Joram kifua kimemwachia na amerudi kazini bandarini, anakula vizuri, analalamika vizuri. Mvua inanyesha kama imetumwa. Tunasikia huko Awasi maji yameingia mpaka barabarani, lakini mimi nasema maji hayajawahi kumzuia mtu anayetaka kuja. Utajua kwa nini nasema hivyo.

Ujumbe wako ulinifikia. Yule mama anayeleta kuku sokoni Kibuye aliutoa wote, tena mbele ya wateja wangu, nami nimeshika kisu katikati ya samaki. Alisema umesikia Joram ameuza gemu moja kwa bei ya ng'ombe wa maziwa. Kwamba gemu hiyo ni yako, ulimwazima tu alipokuwa mtoto. Na kwamba mpaka uishike tena kwa mkono wako, mguu wako haukanyagi duka lake. Nilimshukuru, nikamwongezea samaki mdogo ili asirudi kukuambia nimenuna. Lakini baadaye ilibidi niketi.

Unajua kwa nini niliketi. Siku ya kufungua duka wake wa shemeji zangu watakuwepo wote. Tangu niolewe wamekuwa wakiangalia kama mimi nina kwetu au niliokotwa. Wakiona ndugu yangu hakuja kwa shughuli ya mpwa wake, hawatasema neno. Watapitishiana sahani tu na kutazamana. Maneno nayaweza, Absalom, wewe mwenyewe unanijua. Kutazamana siwezi.

Kwa hivyo nisikilize, kwa sababu wewe umeshika habari kwa mkia.

Wale wazungu uliokuwa ukiwaendeshea gari Milimani waliporudi kwao walikuachia ile gemu ndogo inayofunguka kama kitabu cha nyimbo, ndani ina kioo na kijitu cheusi kinachorukaruka kudaka mizigo. Watoto wako waliicheza mpaka betri zikavuja ndani ikafa. Ikabaki dirishani kwako, kazi yake kukandamiza pazia. Joram akaja likizo akiwa kidato cha pili, akaiona, akaitia mfukoni mbele ya macho yako. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulisema okewo, mpwa wa watu wengine, akiingia kwa mjomba wake hubeba jogoo, huyu wa kwako amebeba maiti. Mimi nilikuwepo mlangoni nachambua visamaki vya omena. Sikusikia neno la kuazima. Na wewe unajua desturi kuliko mimi: mtoto wa dada akibeba kitu kwa mjomba wake, amebeba. Sijapata kuona mzee akimfuata okewo barabarani akidai jogoo.

Basi ile maiti ndiyo iliyompa kazi. Alipomaliza shule bila karo ya kuendelea, alikwenda kukaa na fundi wa saa mjini, na jambo la kwanza aliloliona ni kwamba betri za saa na betri za gemu zile ni ndugu. Akaanza kufungua gemu za watu. Vidole vya mwanangu, Absalom! Anashika skrubu ndogo kuliko chembe ya wimbi na haimponyoki. Fundi mwenyewe aliniambia hajapata mwanafunzi kama huyo, na fundi yule si mtu wa kusifu, hata mkewe hamsifu.

Kisha zikaja hizi gemu mpya za bei rahisi, zile za matofali yanayoanguka, zikajaa mpaka kwenye vikapu vya wauza karanga. Kila mtu akaitupa ya zamani. Joram yeye akaanza kuzunguka Kaloleni na Milimani akinunua zile za zamani, nzima na mbovu, na ukiwa na katoni yake anakuongezea. Majirani walinicheka. Mmoja aliuliza kama atachukua pia sufuria yake iliyotoboka, mwingine akasema mtoto wa Beldina amefungua makaburi. Hata mimi nilimwuliza, mwanangu, kitu ambacho kiwanda chenyewe kimeacha kutengeneza, si ni kwa sababu hakifai?

Akanijibu kwa swali. Alitaka kujua kwa nini mimi nauza ngege ghali kuliko mbuta, na mbuta ana nyama tele. Nikamwambia asinichezee, kila mtu sokoni anajua: tangu mbuta ajae ziwani, ngege wamekwisha, na mzee aliyekula ngege akiwa mtoto ulimi wake haukubali kingine, atatoa pesa hata akilalamika. Akasema basi, Mama, biashara yangu umeshaijua. Tofauti ni moja tu, ngege hata akipungua hutaga mayai, lakini gemu haitagi. Kiwanda kimenyamaza. Kila mwaka moja inaanguka chooni, nyingine inakaliwa na mgeni kwenye kochi, nyingine inavujiwa na betri, na hakuna inayozaliwa. Na wale waliozicheza wakiwa wadogo ndio sasa wanapokea mshahara.

Mimi nimeuza samaki tangu kabla yeye hajazaliwa, na sikuwahi kuisikia kazi yangu ikisemwa vizuri hivyo.

Na ikawa kweli. Bwana Yahya, yule mwenye duka la redio mjini, alimcheka mwanzoni. Siku moja akaja mwenyewe na kofia yake mkononi, akasema kuna daktari wa meno Nairobi anatafuta gemu moja aliyonyang'anywa na mwalimu akiwa darasa la sita, na tangu hapo hajapona. Joram alikuwa nayo, Bwana Yahya akaipeleka. Daktari aliilipia bila kubishana, akaomba abonyeze pale pale, na Bwana Yahya anaapa mtu mzima yule alipiga kelele mpaka mgonjwa akatoka mbio kwenye kiti. Tangu hapo wanakuja wengine. Yenye katoni na karatasi zake inapata bei maradufu, na hilo halikunishangaza, kwani nani ananunua ngege asiye na kichwa? Mteja anataka kuliona jicho.

Sasa lipo jambo ambalo nimelizunguka tangu nilipoanza kuandika. Nimechemsha chai mara mbili ili nisilifikie.

Gemu yako haipo, Absalom. Joram hakuificha wala hakuiuza. Aliichinja.

Vipuri vya gemu hizi havitengenezwi tena popote. Ili moja ifufuke lazima nyingine ifunguliwe tumbo. Yako ilikuwa imeoza pale betri zilipokaa, isingeamka kamwe, lakini kioo chake kilikuwa kizima kama siku ya kwanza. Vitufe vyako aliviweka kwenye gemu moja, mfuniko wako kwenye nyingine, kioo chako kwenye ya tatu. Ile ya bei ya ng'ombe uliyoisikia ilikuwa na vitufe vyako tu. Joram anasema hii ndiyo sababu bei haitashuka: kila moja unayoiona ikiwaka imemla mwenzake. Kwa hivyo hata ukija na polisi, hakuna kitu cha kurudisha.

Lakini ile ya tatu, yenye kioo chako, ipo. Ndiyo nzuri kuliko zote. Bwana Yahya ameiomba, na bei aliyotaja inapita ile iliyokukasirisha. Joram amekataa. Nilidhani amerukwa na akili, ile pesa ingejaza rafu zote za duka. Akaniambia okewo hadaiwi na okewo halipi, asije mtu akasema analipa. Ila mwanamume ana ruhusa ya kumpa mjomba wake kitu anachotaka. Atakupa mkononi, mbele ya watu wote, ikiwa inawaka na kulia. Sikumfundisha maneno hayo. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo, na nguo zenyewe zilikuwa bado zimelowa.

Ikishakuwa yako, ni yako. Ukiuza siku hiyo hiyo hakuna atakayekulaumu, Bwana Yahya atakuwa amesimama karibu, namjua. Lakini mimi muuza samaki nakushauri usiwe na haraka. Samaki wangu huoza jioni. Hii kila ukilala inaamka na bei nyingine.

Usipokuja nitawaambia watu miguu ilivimba, na hawataniamini, na Joram ataifunga ile gemu kwenye kitambaa aiweke. Hataiuza. Ndivyo alivyo, mkaidi kama wajomba zake. Sitaki ifikie hapo, mtoto wa mama. Nataka uketi kiti cha mbele, karibu na Baba Joram, uvae lile koti lako la kanisani, na wale wanawake waone nina kwetu.

Nisalimie Lornah, mwambie aje na sauti yake ya kuimba. Wasalimie watoto na majirani wote wanaoniuliza. Mungu awafikishe, na maji yawapishe. Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni, Beldina, mama yake Joram mwenye duka.

Mlango tutaufungua Jumamosi, tarehe ishirini na mbili mwezi huu, saa nne asubuhi, na hautafunguliwa kabla hujafika.